Mhuri Nilioupiga Kabla ya Kusoma

Chumba cha Mafaili,
Ghorofa ya Pili.

Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Kabla hata ya salamu nina ombi. Barua hii isome ukiwa peke yako, na ukimaliza usiiache mezani wala usiifiche ndani ya kitabu, maana vitabu vyako huazimwa na kila mtu. Usimsomee yeyote, hata kile kipande kidogo kitakachokuchekesha. Usimwambie mama kwenye simu, hata akikubana, nawe unajua dada yako anavyobana. Neno moja la humu likipanda mpaka ghorofa ya tatu, anakokaa Bosi, mimi nimekwisha. Nitunzie siri, neno kwa neno.

Sasa shikamoo, Mjomba. Goti la kushoto linasemaje? Mama aliniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi, ingawa yeye alisema unajitapa tu. Mkazamjomba naye, kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anashona, anagombana na cherehani asubuhi na kupatana nayo jioni. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenihama, na chakula nakila kwa sababu mama ananitazama.

Najua unangoja habari za filamu. Mwezi uliopita nilikuandikia kwa karatasi ya ofisi, yenye nembo ya kampuni juu. Leo nakuandikia kwa karatasi niliyochana kwenye daftari, na hii ndiyo uiamini.

"Wapangaji wa Juu" hii mpya ni mbaya, Mjomba. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi nikalikosa.

Ile ya kwanza, uliyoitengeneza wewe, niliiona nikiwa na miaka sita, nimejificha nyuma ya kiti cha mama. Familia inapanga vyumba vya chini, kumbe juu wanakaa marehemu ambao hawajapata notisi ya kuhama, nao kila siku wanalalamika kuwa watoto wa chini wana kelele. Unakumbuka watu walivyocheka na kukamatana mikono kwa wakati mmoja pale mzimu aliposhuka kuomba chumvi? Mama wa familia anampa bila kuinua macho, anamwambia, "Kikombe kirudi." Mtoto peke yake ndiye anayeona kuwa miguu ya mgeni haigusi sakafu. Miguu ile ilikuwa ya mama, mmemsimamisha juu ya ubao mnaouvuta kwa kamba, na hata leo akikosana na mtu husema, "Angalia sana, miguu yangu imetisha watu wazima."

Katika hii mpya, mzimu akishuka, mama wa familia anapiga yowe, na muziki unapiga yowe pamoja naye. Kisha mzimu anaeleza kwa dakika nne jinsi alivyokufa, kwa nini anataka chumvi, na kwamba hana nia mbaya na mtu. Miguu inaonekana, imetengenezwa kwa kompyuta, inang'aa kama taa za dukani. Kikombe hakimo kabisa. Niliuliza kikombe kimekwenda wapi, nikaambiwa kilikuwa kinapunguza kasi ya filamu.

Waigizaji hawana kosa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wamekusanya watu ambao ungewatamani ujana wako wote. Mama wa familia anachezwa na yule tunayemwita Malkia, ambaye akikaa kimya tu chumba kizima kinajiuliza kimekosa nini. Baba anachezwa na mchekeshaji, Kijiko, mwembamba kama jina lake. Na mzimu mkuu ni yule mzee wa jukwaani anayeitwa Mwalimu, mwenye uso ambao ukiutazama unahisi kuna mtu amesimama nyuma yako. Uso huo wameufunika wote kwa moshi wa kompyuta. Mwalimu alikaa kwenye kiti kwa muda wa saa tano kila siku akipakwa vidoa vyeupe ili baadaye uso wake ufutwe.

Siku moja nilimkuta Kijiko kwenye chumba cha chai, anazungusha kikombe kitupu. Nilikuwa nimempelekea karatasi za kutia sahihi.

"Karani," akaniambia, "mimi nimewahi kuchekesha watu msibani. Tena msiba wa mtu waliyempenda."

Nikamwambia najua, watu husimulia.

"Hapa nimeshindwa. Nikisema neno la kuchekesha, wananiwekea king'ora nyuma yake, watu wajue kwamba nimechekesha. Sasa nani acheke? Mtu akiambiwa acheke, anaangalia saa."

Akatia sahihi mahali pasipo pake, nikamwacha hivyo hivyo, nikarudi na karatasi nyingine kesho yake.

Nimekuwa nikijiuliza kosa limeanzia wapi, na nadhani nimeliona, kwa kuwa ugonjwa huo ninao mwenyewe. Bosi anaogopa. Anaogopa watoto wasije wakalia, kwa hiyo kila kitisho kinafuatiwa na maelezo. Anaogopa wakubwa wasije wakachoka, kwa hiyo kila mzaha unafuatiwa na kishindo. Walio chini yake wanamwogopa yeye, kwa hiyo hakuna aliyesema. Ni filamu ya kutisha iliyotengenezwa na watu waoga, nami ndiye karani wao.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Unajua mkataba wenu ulivyo. Bila barua yako ya ridhaa hawawezi kutumia jina la "Wapangaji wa Juu", na nakala ya filamu yenyewe hawakukuletea kwa kuogopa isije ikavuja. Ukakubali kuamua kwa taarifa ya onyesho la majaribio, mradi taarifa hiyo niandike mimi. Ulisema kwenye simu, wote wakisikia, "Macho ya mpwa wangu yananitosha." Katibu wa Bosi alinitazama kama mtu anayetazama ufunguo.

Onyesho lilifanyika Jumamosi ya tarehe 8 Februari, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa kukodi. Familia zilijaa viti mia mbili. Kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha pembeni, safu ya nyuma, na vihesabio viwili vya chuma, vile vya kubonyeza kwa kidole gumba. Cha kushoto ni cha vicheko, cha kulia ni cha mishtuko. Ndivyo wanavyofanya kwa filamu za aina hii. Mtu mmoja akicheka hahesabiwi. Lazima iwe angalau safu moja.

Kwa nusu saa ya kwanza vidole vyangu havikuwa na kazi. Watoto walianza kutoka kwenda msalani, kwanza mmoja mmoja, baadaye kwa mistari kama wanafunzi. Mama mmoja mbele yangu alijifunika uso kwa kitenge, nikainama kumwangalia, amelala. Kisha mizimu thelathini ikatoka ukutani kwa mkupuo, na katika kimya kilichofuata mtoto mmoja akauliza kwa sauti safi kabisa, "Baba, tutaogopa saa ngapi?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Baba yake akamjibu, "Tulia, labda baadaye," wakacheka tena. Kidole changu cha kushoto kikabonyeza mara mbili, maana kazi yangu ni kuhesabu, si kuuliza wanacheka nini.

Mwisho wa yote kihesabio cha kushoto kilisoma tisa, na cha kulia kilisoma tatu. Katika mishtuko hiyo mitatu, mmoja ni wa mlango wa ukumbi uliobamizwa na upepo.

Jumatatu yake Bosi aliniita juu. Si mtu wa kufoka, Mjomba. Afadhali angefoka. Anaongea polepole kama daktari mwenye majibu yako mkononi. Akaniambia hataki niandike uongo, maana uongo huja kumrudia mtu. Anataka tu niandike kilicho kizuri kwanza, na kilicho kizuri kikijaza ukurasa, basi. Akanikumbusha kwamba bado niko kwenye miezi ya majaribio. Akasema ukikataa, watu arobaini watafunga virago, kuanzia Malkia mpaka mfagizi, na kwamba huenda wakataka kujua ni kalamu ya nani iliyowafungisha.

Nikarudi mezani nikaandika. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Niliandika kuwa watoto wengi walisimama vitini mwao, na kweli walisimama, walikuwa wanakwenda msalani. Niliandika kuwa wazazi wengine walifunika nyuso zao. Niliandika kuwa kulitokea vicheko vikubwa viwili mfululizo katikati ya filamu, na kuwa kuna mtoto aliyesikika akiulizia kitisho kinachofuata. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika muhtasari, nikiwa darasa la tano, ukaniambia mwandishi mzuri anajua cha kuacha. Niliacha kila kitu, Mjomba.

Nilijipa moyo kwa njia ya kijinga. Nilijiambia Mjomba si mtoto, atanusa. Ataona karatasi imepigwa pasi mno, atapiga simu aulize. Na nikajiambia kwamba hata ukiridhia, barua yako itapitia mikononi mwangu, maana mimi ndiye ninayepokea barua zote za kampuni. Nitaiweka kando siku mbili tatu, nikuandikie ukweli, uamue upya. Niliupenda mpango huo. Ulinilaza usingizi wiki tatu.

Jumatatu iliyopita, tarehe 3, zilikuja barua kumi na moja. Utaratibu wangu haujabadilika tangu siku ya kwanza: nafungua bahasha zote kwa kisu, natoa karatasi, nazipanga rundo moja, nazipiga mhuri wa IMEPOKELEWA moja baada ya nyingine, nazipa namba, naandika namba kwenye rejesta, ndipo nasoma. Wenzangu husoma kwanza. Mimi nilikuwa nawaona wazembe, kwa sababu anayesoma kwanza huvutwa na barua moja akasahau nyingine. Nilikuwa nangoja bahasha yenye stempu za kwenu. Sikujua kuwa barua umempa jirani yako, yule mhudumu wa ndege, naye akaitumbukiza posta ya hapa kwenye bahasha ya kaki kama bahasha zote.

Nilipiga mhuri. Nikaandika 0417. Katibu alikuwa amesimama mbele yangu akinisubiri nimpe stapla, na macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu. Ndipo nikaona mwandiko wako.

Kulikuwa na mistari sita tu. Ulisema huna la kuongeza. Ulisema, "Ikiwa mwanangu ameona watoto wakisimama vitini, basi nyumba ile bado ina watu." Chini ukaweka sahihi yako yote, na majina yote matatu, kama mtu anayetoa binti kwa heshima. Wino wa mhuri ulikuwa bado haujakauka juu ya jina lako. Katibu akanyoosha mkono, akaichukua, akapanda nayo juu anaimba.

Nimeusoma mkataba tena, ule ulio kwenye faili, mara nne. Ridhaa inaanza siku ya mhuri. Unaweza kuiondoa ndani ya siku kumi na nne, kwa barua ya mkono wako, karatasi halisi, si simu wala picha ya karatasi. Siku ya kumi na nne ni Jumatatu ya tarehe 17, saa kumi na nusu jioni, ofisi inapofungwa. Ikipita hapo, kifungu cha tisa kinafuata, kile ambacho nadhani hukukitilia maanani kwa sababu kimeandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha tamu. Kinasema ya kale haitaonyeshwa tena popote, ili isishindane na mpya. Mikanda yako yote itaingia stoo na kufungiwa, na stoo ile haina dirisha. Mzee wa stoo ameshaniuliza aitengee rafu gani. Nilimwonyesha rafu, maana aliuliza kwa heshima.

Kwa hiyo ndicho nilichokufanyia. Watu watakwenda Aprili kuona kitu kilichofutwa uso, jina lako likiwa juu yake, na ile iliyowafanya wacheke wakiwa wameshikana mikono haitakuwapo tena ya kuwaambia kwamba waliwahi kufanyiwa vizuri zaidi.

Mama hajui lolote. Amemwambia kila mteja wake kwamba kaka yake amerudi mjini kwa jina. Juzi alimwonyesha jirani namna alivyosimama kwenye ubao ule, kidole kimoja cha mguu kimenyooka. Jirani akamuuliza kama kwenye hii mpya atakuwemo. Mama akamjibu, "Miguu haizeeki, watakuwa wameitumia ile ile." Nikaingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Huenda unajiuliza kwa nini nisiurudishe mhuri nyuma. Mhuri wenyewe una vigurudumu vinne vya tarehe, unazungusha kwa ukucha. Barua yako ya kuondoa ridhaa ikichelewa, ikija tarehe 19 au 20, mimi ndiye nitakayeipokea, nami naweza kuzungusha magurudumu yakasoma 17. Nimelifikiria. Ijumaa, walipokwenda kula, nilijaribu kwenye karatasi tupu. Niligeuka kutazama mlango katikati ya kupiga, alama ikatoka mbili, moja juu ya nyingine. Karatasi hiyo niliila. Nakuambia hivyo ujue unaandikiwa na mtu wa namna gani. Usipange jambo lolote kwa kutegemea ujasiri wangu, maana hujawahi kuuona nami pia sijauona.

Nimehesabu siku. Barua hii itaondoka kesho asubuhi kwa kampuni ya vifurushi, nao wanasema siku tatu, yaani Alhamisi, kama hakuna mvua kubwa wala mgomo. Ukiandika siku hiyo hiyo na kuirudisha kwa njia hiyo hiyo, itafika Jumatatu asubuhi, au Jumanne, na Jumanne ni bure. Njia iliyobaki ni jirani yako, kama zamu yake ya ndege inaangukia Jumamosi au Jumapili. Sijui zamu zake. Nina hakika kwamba haitaangukia, kwa sababu mambo yangu huwa hayaangukii, lakini muulize.

Ukiandika, usiandike kwa hasira wala usieleze sana. Mstari mmoja unatosha: naondoa ridhaa niliyoitoa, namba 0417. Weka tarehe na sahihi. Usinitaje. Ukinitaja nitafukuzwa, na nimejiuliza kama nastahili, nikapata kwamba nastahili, lakini bado naogopa.

Ukiamua kutoandika, kwa sababu umechoka, au kwa sababu watu arobaini ni watu arobaini, nitakuelewa. Malkia ana wazazi anaowatunza, na Mwalimu anasema hii ndiyo ya mwisho kwake. Nao ni watu wa kweli, na walifanya kazi yao vizuri ndani ya kitu kibaya. Sikuombi uchague upande. Nakuomba uchague ukiwa unajua, maana mara ya kwanza nilikunyima hilo.

Nisalimie mkazamjomba kwa heshima zote. Nisalimie binamu mkubwa na mwenzake, na yule mdogo mnayemwita Kengele, mwambie nimeikumbuka sauti yake, ingawa masikio yangu yamepumzika. Tena, bila kumwambia kwa nini, mtazame akiwa anaogopa kitu na kucheka papo hapo. Mimi sijaona mtoto akifanya hivyo mwaka mzima.

Mungu akupe goti zima, usingizi mzito, na watu wanaokuandikia ukweli siku ile ile wanapoujua.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda kuliko nilivyokutendea.

Namna ya kunipata ni hii. Usiandike anwani ya ofisi na jina langu, kwa kuwa barua yenye jina la mtu hupelekwa kwanza kwa Katibu. Barua ya kuondoa ridhaa ielekeze kwa kampuni, bila jina la mtu, itafika kwangu. Kama una neno langu binafsi, liweke kwenye bahasha nyingine, uandike juu yake fundi viatu wa ghorofa ya chini, mlango wa kijani. Ni mzee asiyeuliza maswali, ila atakulaumu kwa mwandiko.

Mhudumu wa ndege akija mwenyewe, aje mapokezi kati ya saa saba na saa nane mchana, Katibu anapokuwa chakulani. Aulize karani wa barua. Niko dirisha la pili, nina miwani na sweta la kijivu. Asisubiri nimshukuru. Aiweke barua mezani na asimame pale pale mpaka aone nimeipiga mhuri.

Simu yangu ya mezani piga tu kama hakuna njia nyingine kabisa. Iache iite mara tatu, ukate, upige tena. Nitapokea. Nitakuamkia, nitakuuliza goti, na ukiniuliza mambo yanakwendaje nitasema yanakwenda vizuri, kwa sauti ya furaha kabisa, hata nikiwa peke yangu chumbani. Usiniamini. Kata simu, uandike.